FAILI LA MGONJWA NI AMANA

Kuingizwa kwa kompyuta katika kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa ni jambo tunaloliunga mkono bila ya kusita. Tangu Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali imekuwa ikijenga hospitali na vituo vya afya mpaka vijijini. Hata hivyo, karatasi anayoandikiwa mgonjwa katika kituo kimoja mara nyingi haimfuati anapokwenda kwengine, isipokuwa aibebe mwenyewe. Mwenye kuvuka bahari kutoka Micheweni kuja Mnazi Mmoja huja na daftari lake mkobani. Likirowa maji ya chumvi, au likisahauliwa botini, daktari hana budi kuanza upya kumhoji mtu ambaye pengine hata kauli imeshampotea, na dawa inayomdhuru mtu huyo imeandikwa katika daftari ambalo halipo.

Asiyeishi Visiwani hawezi kulielewa vyema tatizo la majina yetu. Mtoto hupewa jina la babu yake, na babu naye alipewa la babu yake; hivyo katika shehia moja utawakuta akina Khamis Juma Khamis watatu, na wawili kati yao ni ndugu wa ukoo. Karani wa masijala akiita jina hilo barazani huinuka zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mpango wowote wa kompyuta utakaomtafuta mgonjwa kwa jina peke yake utakuwa umeshindwa kabla ya kuanza. Kila mgonjwa awe na nambari moja tu, ya maisha yake yote, inayolingana na ile ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na mtoto aipate tangu anapoandikishwa kuzaliwa. Watu 1,889,773 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022 si wengi kiasi cha kushindwa kupewa nambari.

Wapo wanaonong'ona kwamba watumishi wetu hawataiweza kazi hii. Hao wamesahau kwamba mwaka 2008 vituo 10 vya afya vilianza kupeleka taarifa za malaria kwa simu za mkononi kila wiki, utaratibu ukaenea Unguja na Pemba, na kuanzia mwaka 2012 maofisa wakawa wanafuatilia mgonjwa hadi nyumbani kwake wakiwa na kompyuta ndogo za mkononi. Waliofanya kazi hiyo ni vijana wa skuli zetu wenyewe.

Umeme ni suala jengine. Unguja hupata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na wananchi hawajaisahau miezi ile mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani na maji ya mfereji yakawa ya kutafutwa kwa ndoo. Waya mpya na mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, nasi twashukuru. Lakini mama anayejifungua usiku katika kituo cha kijijini hawezi kungojea umeme urudi ndipo ajulikane kundi lake la damu. Kituo kisichokuwa na betri na umeme wa jua kisipelekewe mashine. Mtambo nao uwe ni wenye kuendelea kufanya kazi mtandao unapokatika, na fomu za karatasi zibakie kabatini kwa siku kama hizo.

Kubwa kuliko umeme ni siri. Katika visiwa vyetu muuguzi ni jirani wa mgonjwa, karani ni shemeji yake, na mfagiaji wa wodi wamesoma chuo kimoja. Faili la karatasi lilikuwa na ufunguo mmoja na kabati moja. Faili la kompyuta laweza kufunguliwa katika vyumba kumi kwa wakati mmoja, wala halibakishi hata alama ya kidole. Mwanamke aliyepima virusi vya UKIMWI, au kijana anayetibiwa maradhi ya akili, akishuku tu kwamba habari zake zitafika kisimani kabla yake, hatarudi tena hospitalini. Atakwenda kwa mganga, au atapanda boti aende Dar es Salaam akatibiwe asikojulikana, na yule asiye na nauli atakaa nyumbani na maradhi yake.

Sisi tuliokaa vyuoni tulifunzwa kwamba Hadithi haipokewi mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani, mmoja baada ya mmoja, kila mtu kwa jina lake. Tunataka jambo hilo hilo katika mitambo hii. Kila mwenye kulifungua faili, kuongeza au kufuta, jina lake na saa yake viandikwe pasipo uwezekano wa kufutika, na mgonjwa akiuliza nani kalitazama faili lake ajibiwe. Tunaijua vizuri ile tabia ya maofisini ya kuandika neno la siri katika kikaratasi na kukibandika pembezoni mwa kioo ili kila apitaye asipate taabu. Mkuu wa kituo atakayeiachia tabia hiyo awajibishwe yeye, asisukumiwe lawama karani.

Tukimtaja karani, tunawaomba wakubwa wa Wizara wasiwaone makarani wa masijala kuwa ni mizigo iliyopitwa na wakati. Hao ndio wanaojua kusoma miandiko ya madaktari waliokwisha kustaafu, na ndio watakaoweza kuyahamisha mafaili ya zamani bila ya kuchanganya mtu na mtu. Wafunzwe wao kwanza, na Pemba ianze sambamba na Unguja.

Na mafaili hayo ya zamani je? Karatasi za maofisini zina njia yao ya kutoka ghalani na kuishia sokoni zikifungia karanga. Tunaitaka Wizara itoe amri ya maandishi, kabla mashine ya kwanza haijawashwa, ieleze mafaili yatahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, na ni ofisa gani mwenye kuushika ufunguo.