Sekunde 30 za Kulinda Siri ya Mgonjwa

Siri ya mgonjwa haivuji kwa kinywa pekee. Siku hizi huvuja pia kwa kidole. Mhudumu huandika herufi tatu za jina la mpokeaji, programu ikamalizia anwani yenyewe, na majibu ya maabara yakamfikia asiyehusika.

Maji yakimwagika hayazoleki, walinena wahenga. Barua pepe huzoleka, lakini kwa kitambo kifupi: programu huizuia kidogo kabla haijaondoka. Katika Gmail, muda huo huwa sekunde 5 mtumiaji asipoubadilisha, nao hautoshi hata kuisoma upya anwani. Kwenye kompyuta, bofya alama ya gurudumu lenye meno, fungua mipangilio yote, kisha uongeze muda wa kutendua hadi sekunde 30. Hifadhi mabadiliko chini ya ukurasa. Bila hivyo, kazi yote ni bure.

Kwa maoni yangu, jambo hili lisiachwe kuwa hiari ya mtu binafsi. Lifundishwe siku ya kwanza ya kazi, sambamba na kunawa mikono. Mgonjwa ametukabidhi amana. Kuitunza kwa sekunde 25 za ziada si gharama.