Wastani wa Mwezi Haumwambii Mkulima Apande Lini

Kila msimu unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, na kinachomfikia mwananchi ni neno moja: wastani. Mvua za wastani, juu ya wastani, chini ya wastani. Viongozi hulinukuu jukwaani, magazeti hulikuza kwenye vichwa vya habari. Mkulima wa Kongwa, mkoani Dodoma, jembe begani, bado hajui apande lini.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Milimita 100 zikinyesha kidogo kidogo kwa wiki nne, mahindi hunawiri. Zikimwagika zote kwa siku mbili, husomba udongo pamoja na mbegu, kisha jua huchoma kilichosalia. Kwenye jedwali la mwezi, mashamba hayo mawili yamepata mvua sawa.

Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ni chache, ila mtama na uwele huzimudu. Kinachoumiza ni ukame wa katikati ya msimu, ambao mara nyingi huingia Februari, mahindi yakitoa mbelewele. Msimu unaweza kuhesabiwa kuwa wa wastani huku ghala likiwa tupu.

Pwani tatizo hugeuka. Desemba 2011, mvua za siku chache tu zilifurikisha Jangwani na mabonde mengine ya Dar es Salaam, na waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Nani kati yao angesaidiwa na wastani wa Desemba?

Joto nalo ni vivyo hivyo: Julai, mchana wa Mbeya hufika nyuzi 22, usiku hushuka chini ya 10, na mwenye viazi huogopa usiku.

Haki itendeke: lawama si ya Mamlaka. Taarifa zake hutaja pia wiki za kuanza na kwisha kwa mvua pamoja na mtawanyiko wake, na ipo taarifa ya kilimo ya kila siku kumi. Tunaozipunguza ni sisi wa vyombo vya habari, tunaotaka kichwa cha habari kifupi. Redio za wilayani ziisome hiyo ya siku kumi, hewani, asubuhi kabla watu hawajaenda shamba, na maofisa ugani waibandike kwenye ofisi za vijiji.