Wingu la televisheni na karatasi za watoto wetu

Wiki hii tunajibu swali lililotufikia kutoka vikundi viwili, kimoja cha Mudzipela na kingine cha Simbilyabo. Wanauliza: yale matangazo ya televisheni yanayosema juu ya "wingu", yanauza nini hasa?

Swali ni la haki. Tangazo la sabuni tunalielewa hata sauti ikikatwa. Tunaona shati lenye mafuta ya mawese, tunaona mikono ya mama ndani ya beseni, tunaona shati limekuwa jeupe. Tangazo la mega tunalielewa pia: kijana anaruka-ruka, faranga kadhaa, mega kadhaa, siku kadhaa, imekwisha. Lakini haya ya wingu yanaonyesha anga safi, mtoto anacheka, mzee anatazama picha, kisha linatokea jina la kampuni. Hakuna kitu cha kushika na hakuna bei. Kwetu huku wingu lina kazi yake inayojulikana: likijikusanya juu ya Milima ya Buluu, mama anakimbia kuanua mihogo. Ni nani atakayekuambia uweke mali yako ndani yake?

Jina ni la biashara tu. Wingu ni nyumba. Ni jumba kubwa lenye maelfu ya kompyuta zilizopangwa kama magunia ndani ya depo, lenye mashine za kupoza joto, lenye kurant usiku na mchana, jenereta za akiba na walinzi mlangoni. Wamama wanaouza soko kuu wanajua depo ni nini. Huna nafasi nyumbani ya kuweka magunia kumi ya maharagi, basi unayaweka kwa mwenye depo, unamlipa, unakuja kuchukua unapohitaji. Picha, barua na karatasi zinazokaa katika telefone yako ndizo maharagi. Intaneti ndiyo barabara ya kufika depo. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha nafasi ya namna hii mwezi wa tatu mwaka 2006, na Microsoft na Google wako katika kazi hiyo hiyo. Afrika ya Kusini, Microsoft ilifungua majumba yake mwaka 2019 na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Ni matofali, nyaya na chuma. Na kama depo yoyote, inaweza kushika moto: tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, jumba moja la kampuni ya OVH liliungua kabisa, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu walichoweka mle.

Sasa turudi kwenye matangazo. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa matangazo ya televisheni yaliyozungumza na familia waziwazi. Katika moja tunaona mama mwenye shida ambayo kila mama anaijua: anataka picha ya familia, lakini mtoto mmoja anatazama pembeni na mwingine hatulii. Anaketi mbele ya kompyuta, anachukua uso mzuri katika picha hii na uso mzuri katika ile, anaviunganisha, na sasa wote wanacheka. Anafurahi, anasema ni wingu. Lakini programu iliyofanya kazi ile ilikuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe! Wingu halikuunganisha sura ya mtoto hata mmoja. Tunaitaja hadithi hii kwa sababu inaonyesha vizuri desturi ya matangazo haya: wanachukua furaha ya mama wanaibandika juu ya kitu ambacho ni vigumu kukionyesha.

Mengi ya siku hizi hayasemi nasi kabisa. Wanaume wetu wakitazama mpira wa Ujerumani, hesabu zinazotokea kwenye kioo, kama nafasi ya mpira kuingia golini, zinakuja na jina la wingu la Amazon. Mbio za magari za Formula 1 ni vile vile. Michezo ya Olimpiki ina Alibaba ya China. Wanaoitwa pale ni wakubwa wa mabanki na wa makampuni, watu wanaoweza kukodisha depo nzima. Sisi tunapita tu barabarani na kusoma kibao.

Hata hivyo hatutaki mzime televisheni na kusema ni mambo ya wazungu, kwa sababu katika mkoa huu kuna mtu mwenye haja kubwa ya depo iliyo mbali na nyumba yake: mama anayeweza kulazimika kukimbia usiku.

Ituri imekimbia mara nyingi. Ilikimbia kati ya 1999 na 2003, ikakimbia tena tangu mwisho wa 2017, hasa watu wa Djugu. Nendeni Kigonze mkaulize wamama walitoka na nini. Watasema mtoto mgongoni, sufuria, kitambaa cha kujifunika, pengine telefone. Karatasi zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba iliungua. Sisi walimu tunaona matokeo kila mwezi wa tisa tunapoandika wanafunzi. Mama amesimama mbele yetu na watoto watatu, na tarehe za kuzaliwa zinatoka kichwani: "Huyu nilimzaa wakati wa mavuno ya mahindi." Jina la mtoto mmoja linaandikwa namna moja katika kadi ya chanjo, namna nyingine katika daftari la masomo, na namna ya tatu siku ya mtihani wa Serikali. Miaka inapita, kisha kijana anakataliwa diploma yake au anaanza kupanda na kushuka ofisini kwa sababu ya herufi mbili.

Tena tukumbushane sheria: kuzaliwa kwa mtoto kunatangazwa kwenye ofisi ya vizazi katika siku 90, na ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, inabidi kupita mahakamani. Mama aliyehangaika hivyo kupata cheti hapaswi kukipoteza kwa moto wa usiku mmoja. Picha ya cheti katika telefone haina nguvu ya cheti, hilo tunalisema wazi. Ofisi haitapokea picha mahali pa karatasi. Lakini picha inaonyesha namba ya cheti, tarehe, ofisi iliyoandika na jina lilivyoandikwa, na kwa hayo karani anaweza kutafuta katika kitabu chake na kutoa nakala. Bila hayo atakuambia urudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine.

Basi piga picha: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kadi ya chanjo, karatasi za matokeo ya masomo, diploma, kadi ya uchaguzi ambayo ndiyo kitambulisho chetu, na karatasi za kiwanja kama unazo. Piga mchana, nje, karatasi ikiwa imelala chini, hata herufi ndogo zisomeke. Hii haina gharama. Gharama inaanza pale unapotaka picha zifike depo.

Hapa ndipo tangazo linanyamaza. Linasema picha zako zinajihifadhi zenyewe. Telefone nyingi zimepangwa zipeleke picha pale tu zinapopata Wi-Fi. Tuambiane ukweli, ni nyumba ngapi za Bunia zina Wi-Fi? Mama anakaa miaka mitatu akiamini picha zake ziko salama, na hakuna hata moja iliyosafiri. Mwingine kijana wa butike amembadilishia mpango huo, sasa kila anapowasha mega telefone inapeleka picha zote na video za harusi, na mega za wiki zinaisha kabla ya chakula cha mchana. Analaumu kampuni ya telefone, kumbe ni wingu linakula. Njia yetu ni ya katikati: zima ule mpango wa kujipeleka, chagua kwa mkono zile picha kumi au kumi na tano za karatasi, zitume siku moja ukiwa na mega. Karatasi kumi na tano si kitu mbele ya video moja ya harusi. Na asikudanganye mtu kwamba zilizo ndani ya WhatsApp zimehifadhiwa tayari. Zinakaa katika telefone, na telefone ikiibiwa bila nakala, zimekwenda nayo.

Bure ina mpaka. Google iliwaacha watu waweke picha bila kikomo hadi tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo kila mtu ana giga 15 za bure, na barua zake zinakaa humo humo. Apple inatoa giga 5. Zikijaa, wanakuomba malipo ya kila mwezi, na malipo hayo mara nyingi yanataka kadi ya benki ambayo wengi wetu hatuna. Google imeweka pia kanuni kwamba akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Kwa mama aliyepoteza telefone na bado hajanunua nyingine, miaka miwili si mingi. Aifungue akaunti yake katika telefone ya dada au ya binti, mara moja kwa mwaka, kisha aifunge tena.

Jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote ni ufunguo. Wengi wetu tuliponunua telefone, akaunti ilifunguliwa na kijana aliyeiuza. Aliweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka, au neno la siri alilotunga na kulisahau jioni ile. Depo imekodishwa kwa jina lako lakini ufunguo uko kwake. Siku utakapobadilisha telefone, wingu litauliza neno la siri, na kama hulijui litatuma namba kwenye laini ambayo si yako. Mwulize mtu unayemwamini aangalie pamoja nawe, leo, ni namba gani imeandikwa mle. Na kama ni laini yako ya zamani usiyoitia inite tena, ibadilishe upesi, kwa maana laini iliyolala sana inaweza kukatwa na kupewa mtu mwingine.

Kuna nyumba ambazo telefone ni ya baba, na akaunti ni ya baba, na mama anaomba kutazama. Hatuingii katika ndoa za watu. Lakini cheti cha mtoto ni cha wazazi wote wawili, na wanaume wengi wakielezwa hivyo, juu ya mfano wa moto na si juu ya mfano wa ugomvi, wanakubali nakala iende pia kwa mama.

Msitupe karatasi zenyewe. Tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi: Serikali ilikata intaneti nchi nzima, na ilikaa hivyo karibu siku ishirini. Katika siku hizo hakuna Mkongomani aliyefungua wingu lake kwa mtandao wa kawaida. Karatasi ndani ya plastiki ngumu, pamoja na nguo ambazo mtu huchukua kwanza, zilikuwa bado zinasomeka.

Imebaki habari ya neno la siri, ambayo vikundi vyetu bado vinaijadili. Mama akifa, au akipata ugonjwa wa kusahau, nani atafungua? Wengine wanasema mtoto mkubwa ajue. Wengine wanakataa, kwani mtoto mkubwa ndiye anayemaliza mega. Kikundi kimoja kimetumia kisanduku cha AVEC, kile cha kufuli tatu na wenye funguo watatu. Kila mama aliyependa ameandika neno lake la siri kwa biki, akalitia katika bahasha, akaibandika kwa gundi na kupitisha sahihi yake juu ya mfuniko wa bahasha. Mweka hazina alilalamika kidogo kwamba kisanduku ni cha makuta, si cha barua. Walipiga kura. Sasa bahasha ziko chini kabisa, chini ya vitabu vya hisa, na siku ya kugawa mwisho wa mwaka kila mama ataangalia kama yake bado haijafunguliwa.