Tahidi High na lawama za watazamaji

Kipo kipindi cha runinga ambacho baadhi ya walimu wa sekondari humu nchini hawajakisamehe hata leo, ijapokuwa miaka mingi imepita tangu kilipokuwa gumzo katika kila nyumba yenye runinga. Nakusudia Tahidi High, mchezo wa kuigiza ulioanza kuonyeshwa na kituo cha Citizen katika miaka ya 2000, na ambao ulisimulia maisha ya vijana wa shule ya upili: urafiki wao, mapenzi yao, visa vyao na walimu, na ndoto zao za kuwa watu wakubwa. Majuzi nilimsikia mwalimu mmoja akishikilia kwamba utovu wa nidhamu tunaoupigia kelele leo ulipandwa na mchezo ule. Waliokuwa vidato vya kwanza na vya pili wakati huo, alisema, ndio wazazi wa leo. Nao watawafunza nini watoto wao ikiwa wao wenyewe walifunzwa na runinga?

Madai hayo si mageni masikioni mwangu. Mchezo ulipokuwa ukivuma, vyumba vya walimu viligawanyika kama mabunge. Wapo waliosema unawafunza wanafunzi kufupisha sare. Wapo waliosema unawaonyesha kwamba mapenzi ni somo la lazima na hesabu ni somo la hiari. Wazazi nao walilalamika kwamba kipindi kilionyeshwa wakati familia nzima imeketi pamoja, hata baba akajikuta anajifanya kusoma gazeti wakati kijana na msichana wanasemezana nyuma ya darasa. Wanafunzi, kwa upande wao, hawakuandika lalamiko lolote. Wao walitazama.

Sina nia ya kuwatetea watunzi. Wana midomo yao. Lakini hoja ya kwamba mchezo wa runinga ndio ulioharibu shule zetu haiwezi kusimama mbele ya historia, na ni aibu kwa mwalimu kuisahau historia. Julai 1991, wasichana 19 wa shule ya mseto ya St Kizito, Meru, walikufa katika usiku ambao wavulana wa shule hiyo hiyo waliwavamia bwenini. Wakati huo kituo cha Citizen hakikuwapo kabisa. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Tahidi High haikuwa imezaliwa. Kamati ya Sagini ilikwisha kuchunguza fujo za wanafunzi mwaka 1991, na ile ya Wangai ikazichunguza tena mwaka 2001. Yeyote atakaye kujua shule zetu ziliugua lini na aanze huko, si kwa Tanya na OJ.

Hata hivyo, nalielewa chungu la walimu, nalo lilichemka kwa moto wa pande mbili. Mwaka 2001 ndio mwaka ambao adhabu ya kiboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya. Mwalimu aliyezoea kuingia darasani na fimbo kwapani aliambiwa aingie mikono mitupu. Kabla hajazoea, akawashiwa runinga na kuonyeshwa mwalimu anayechekwa, anayezungukwa kwa werevu na watoto wa juzi, na anayetoka darasani bila ya kujua amefanyiwa nini. Aliona kwamba waliomnyang'anya kiboko sasa wamekuja kuchukua heshima iliyobaki. Si ajabu kwamba alikasirika.

Ila vichekesho vyetu havijapata kumsaza mtu. Katika Vioja Mahakamani tulizoea kumwona mshtakiwa akimtoa jasho hakimu, na hakuna aliyesema kwamba mahakama za Kenya zilianguka kwa sababu hiyo. Katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, ambaye taifa zima lilimjua kama Mzee Ojwang', alicheza baba mwenye makeke na ubishi hadi watu wakashika mbavu. Alipofariki Julai 2015, akina baba ndio waliokuwa mstari wa mbele kumlilia. Kwa nini basi mwalimu peke yake atake kufunikwa mwavuli? Huenda ni kwa sababu mwalimu, tofauti na hakimu, huamkia kwa watazamaji wake. Hakimu hakutani asubuhi na wale waliomcheka usiku. Mwalimu hukutana nao saa mbili kamili, wakiwa arobaini, na mmoja wao amekwisha kumpa jina jipya.

Lawama nyingine ilihusu lugha, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa wenzangu wa idara ya Kiswahili. Ilidaiwa kwamba mchezo ule, kwa kuchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, uliua insha. Sheng ilikuwa ikizungumzwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, miongo kadhaa kabla ya kipindi hicho. Watunzi waliikuta njiani, hawakuizaa. Kijana wa shule ya jijini ambaye angeongea katika runinga kwa ufasaha wa mtangazaji wa taarifa ya habari angechekwa na wale wale aliokusudiwa kuwaigiza. Wanaofundisha tamthilia wanajua fika kwamba mhusika husema lugha ya tabaka lake na rika lake. Tunalifundisha jambo hilo tukiwa na kitabu teule mkononi, kisha tunalikana tukiwa na kidhibiti cha runinga mkononi. Pengo lililokuwapo, na ambalo mtazamaji alikuwa na haki ya kulilalamikia, ni kwamba mhusika aliyejivunia Kiswahili chake na kukisema bila ya kuchekwa alikuwa adimu.

Niwarudie sasa wanafunzi, ambao hatukuwauliza. Wengi wao walikuwa katika shule za bweni, ambako runinga huwashwa Jumamosi jioni kwa hisani ya kiranja, na pengine haiwashwi kabisa. Wao waliujua mchezo kwa kusimuliwa. Mwanafunzi wa kutwa, au yule aliyekwenda nyumbani kutafuta karo, alirudi na kisa kizima kichwani, akaketi juu ya kitanda cha chini, wenzake wakamzunguka, naye akaanza kukitamba kwa sauti za wahusika wote, akiongeza chumvi palipokuwa pakavu. Nimesimama nje ya dirisha la bweni zaidi ya mara moja nikisikiliza utambaji wa namna hiyo, na nakiri kwamba ulikuwa na fanani, hadhira, kiitikio na taharuki, yaani kila kitu tulichokuwa tukikiandika ubaoni chini ya anwani ya fasihi simulizi huku darasa likisinzia. Baadhi ya visa nilivyovisikia pale havikuwahi kuonyeshwa na kituo chochote.

Kuna siku nililiuliza darasa la kidato cha tatu linieleze kwa nini wanaupenda mchezo ule. Majibu yalikuwa yale ya kutarajiwa: wanachekesha, wanavaa vizuri, ni kama sisi. Kisha msichana mmoja wa nyuma, asiyezoea kunyosha mkono, akasema, "Mwalimu, lakini sisi hatuwaoni wakisoma." Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana katika lawama zote nilizokuwa nimezisikia katika chumba cha walimu hakuna aliyekuwa ameitoa hiyo.

Naam, hapo ndipo penye jambo. Jina la shule ile ya kubuni linamkumbusha kila Mswahili neno jitahidi. Vijana wale walikuwa na makuu; huyu alitaka kuwa nyota, yule alitaka kuupanda ulimwengu ngazi mbili mbili. Lakini bidii yenyewe, ile ya kuamka alfajiri, kufuta na kuandika upya, kushindwa mtihani wa fizikia na kuurudia, ilikaa nje ya kamera. Silaumu sana. Bidii haichekeshi. Mtu aliyeinamia daftari kwa saa tatu hawezi kuwazuia watazamaji wasibadilishe kituo. Mchezo mwepesi, popote duniani, hulazimika kuruka kazi na kuonyesha mapumziko; ndiyo maana marafiki wa runinga huwa wana muda mwingi wa kukaa na kuzungumza, na wewe na mimi hatuna. Mtazamaji mzima hulijua hilo na kulisamehe. Mtazamaji wa miaka 14 anaweza kudhani kwamba ndoto na mafanikio vimepakana, na kwamba kinachovitenganisha ni bahati na mavazi.

Ajabu ni kwamba waliouigiza mchezo huo ndio ushahidi wa kinyume chake. Abel Mutua, aliyekuwa Freddie, na Philip Karanja, aliyeigiza naye, hawakungoja kupewa nafasi nyingine. Waliungana wakaanzisha kampuni yao ya utayarishaji, Phil-It Productions, wakatoa Sue na Jonnie na The Real Househelps of Kawangware, na baadaye filamu ya Click Click Bang. Mutua aligeuka kuwa mwandishi wa miswada na msimulizi ambaye maelfu humfuata katika YouTube wamsikilize akitamba visa, kama yule mwanafunzi wangu wa juu ya kitanda. Sarah Hassan, ambaye wengi bado humwita Tanya, aliigiza katika michezo mingine mingi na kuingia katika utayarishaji. Jackie Matubia, aliyekuwa Jolene, alionekana tena katika Zora mwaka 2021 akiwa mwigizaji aliyekomaa. Hawa wameinamia madaftari. Mwigizaji hukariri kurasa kwa kurasa za maneno ya mtu mwingine, hurudia tukio moja mara tano chini ya taa za moto, na kesho yake hurauka kwa ajili ya jingine. Endapo mwalimu anatafuta mfano wa bidii wa kuwaonyesha wanafunzi wake, mfano huo ulikuwa katika kipindi kile kile, ila nyuma ya kamera.

Watazamaji tulikosea pia katika jambo jingine, nalo lina uchungu. Tulidhani anayeonekana kila wiki katika runinga ni tajiri. Mwaka 2021, mmoja wa waigizaji waliopendwa sana wa kipindi hicho alijitokeza hadharani akaeleza jinsi maisha yalivyomlemea, akaomba asaidiwe. Nchi ilishtuka. Wapo waliomdhihaki na kumuuliza alipeleka wapi fedha zote alizolipwa, kana kwamba waliwahi kuziona. Lakini wapo wengi waliochanga, ambao hawakuwa wamemjua ila kwa kicheko alichowapa walipokuwa shuleni. Nilipoona michango ile ikiingia, nilifikiri kwamba hayo ndiyo maoni ya watazamaji yaliyo na uzito kuliko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu kipindi kile. Walikuwa wakilipa karo ya zamani.

Nawaomba basi walimu wenzangu wauangalie upya uhusiano wetu na michezo hii. Tamasha za kitaifa za drama zimekuwapo tangu mwaka 1959, na kila mwaka sisi wenyewe ndio tunaowafunza wanafunzi kulia, kucheka na kufa jukwaani, tukawapigia makofi wakishinda. Haifai tuwapigie makofi Aprili na kuwaita wapotovu Mei kwa kupenda sanaa ile ile. Ukipata kipande cha Tahidi High katika YouTube, kwa maana vingali vinapatikana, kilete darasani. Uliza dhamira ni ipi, mwalimu amechorwaje na kwa nini, ni nani aliyenyimwa kusema. Kisha uwaambie wanafunzi waandike tukio ambalo halikuonyeshwa: usiku wa kuamkia mtihani, kwa Kiswahili sanifu, na lisichoshe. Hilo la mwisho ni gumu, na atakayeliweza ni mwandishi.

Suala hili si la kujifurahisha tu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyotakiwa kuchagua ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Maana yake ni kwamba serikali imemwambia mtoto, kwa mara ya kwanza bila ya kunong'ona, kuwa uigizaji ni masomo. Mzazi wake hajaambiwa. Mzazi huyo ni yule yule aliyekuwa akiujua wimbo wa kipindi kwa moyo, akamlilia mhusika aliyeachwa na mpenzi, lakini binti yake anapomwambia kwamba amechagua mkondo huo, humtazama kwa mshangao na kumuuliza, "Utakula nini?"

Sioni kwamba ni swali la kipuuzi, hasa baada ya yale ya mwaka 2021. Wala silioni kuwa la mwalimu peke yake kulijibu. Mwalimu anaweza kumfunza mtoto kukariri, kupumua, kusimama na kuandika. Kuhusu ujira, wanaopaswa kusema ni wenye vituo na watayarishaji: mwigizaji hulipwa nini kwa siku moja ya kazi, mkataba wake huandikwa kwa lugha gani, na je, kipindi chake kikirudiwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi, kuna senti yoyote inayomfikia?