STAJI YA MAHESABU: MKONO WAKO UNABAKI KITABUNI MIAKA 10

Mwezi huu tuzungumze juu ya staji. Hapa Kamina, wanafunzi wa kontabilite wakikaribia mwisho wa masomo wanapewa barua na shule, kisha wanaanza kuzunguka mjini: SNCC, ofisi za serikali, maduka makubwa, biro za mahesabu. Biro za mahesabu kwetu si nyingi, na meza zake ni za kuhesabika. Basi ukipokelewa, usipoteze hata siku moja.

Kwanza neno kwa wazazi, maana katika nyumba nyingi mambo yanaharibika tangu juma la pili. Mama anamwona mtoto anatoka asubuhi na shati safi, viatu vinang'aa, anaanza kuuliza: « Mutoto anaendaka ku kazi kila siku, feza yake iko wapi? » Mama, staji si kazi ya mshahara. Biro zingine zinatoa franka kidogo za safari, zingine hazitoi kitu. Ukimsukuma mtoto alete feza nyumbani, ataitafuta pale anapoiona, na anapoiona ni ndani ya sanduku la watu wengine. Afadhali umpe chai na muhogo asubuhi, na baba amwazime kinga yake.

Sasa wewe kijana. Siku za kwanza watakutuma kupiga kopi, kuleta maji, kupanga makaratasi. Wengi wanakasirika: « Nilisoma miaka yote hii juu ya kupanga makaratasi? » Ndiyo, juu ya hayo hasa. Fikiri mji wetu ulivyo. Kamina ni njia panda ya reli: njia moja inatoka Lubumbashi kwenda Ilebo, nyingine inakata kwenda Kabalo. Kwa hiyo wateja wa biro ni watu wa mizigo: mahindi, samaki, chumvi, nguo. Mfanyabiashara anafika na mfuko wa plastiki umejaa fakture, resi, vipande vya daftari vyenye jasho la safari, anaumwaga juu ya meza. Kazi yako ni kuuliza kila karatasi: nani alilipa, nani alipokea, siku gani, na kwa feza gani, franka ao dola? Kwetu sanduku moja linabeba zote mbili. Usizichanganye. Hesabu kila moja peke yake, na andika bei ya kubadilisha ya siku ile, si ya leo. (Wazazi wetu walihesabu zaire kwa mafungu, mwaka 1993 waliambiwa milioni 3 zimekuwa zaire mpya moja. Waulize kama tarehe si kitu kikubwa!)

Jambo lingine linalowaaibisha wengi ni namba za hesabu. Congo yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na mpango wa kontabilite wa 1976 ukaachwa. Sheria ya OHADA iliyotengenezwa upya inafuatwa tangu mwezi wa kwanza 2018. Lakini daftari za yaya zako bado zinatembea chuoni. Katika mpango wa zamani banki ilikuwa 56, leo ni 52. Zamani 66 ilikuwa ya kodi, leo 66 ni ya mishahara na gharama za wafanyakazi. Ukitumia daftari la yaya bila kuangalia, unaweka mshahara wa watu mahali pasipo pake, na hutajua mpaka mtu akucheke. Ujue pia kwamba tarehe 15 ya kila mwezi ni siku ya kupeleka matangazo ya TVA, ile ya 16 kwa mia. Siku tatu nne kabla yake usiombe ruhusa ya harusi.

Tufike sasa kwenye shida yenyewe. Siku moja mteja atakuja na kusema: « Mwanangu, nilinunua magunia 20, lakini andika 30. » Ao mukubwa mmoja atakuambia: « Resi haiko, tengeneza moja tu, weka saini. » Wewe ni mgeni, unaogopa, na barua yako ya staji iko mikononi mwao. Wengi wanaandika. Sikia basi: sheria hiyo ya OHADA inaomba vitabu vya hesabu na karatasi zake vitunzwe miaka 10. Wewe utakuwa umeoa ao kuolewa, unafanya kazi Kolwezi ao Likasi, na mwandiko wako ungali Kamina ndani ya kabati. Siku ya ukaguzi hakuna atakayekumbuka nani alikuamuru. Usibishane mbele ya mteja. Ngoja atoke, mwendee anayekuongoza, sema kwa heshima: « Baba, karatasi ya magunia 10 haya siioni. Niandike kwa karatasi gani? » Mara nyingi swali hilo peke yake linatosha. Kama anakaza, mwambie aandike na asaini yeye mwenyewe. Saini ya mtu mwingine usiiige hata kwa mchezo. Na kama umekosea wewe, usifute, usipake nyeupe. Andika tena kiasi kile cha kosa kwa alama ya kutoa, kisha andika kile cha kweli, wote waone.

Raporo nayo. Kule mjini penye ordinatere kuna watu wanauza raporo za miaka iliyopita. Unabadilisha jina na tarehe tu. Mwalimu anazijua zote, hata makosa yake ya herufi. Andika ulichokiona, hata kama ni mfuko mmoja wa mfanyabiashara wa mahindi.

Kabla ya kumaliza, omba wakuachie ulinganishe peke yako mwezi mmoja wa kitabu cha banki na karatasi iliyotoka banki. Na barua ya kushuhudia staji uidai ikiwa na muhuri kabla hujaaga. Ukirudi baada ya miezi mitatu, mukubwa amesafiri Lubumbashi, na muhuri uko mfukoni mwake.