Sanaa ya Wahindi ni ya Nani?

Mwaka jana nilihudhuria mazungumzo ya sanaa hapa Nairobi. Ukumbi ulijaa, chai ilikuwa tamu. Kijana mmoja akauliza mbona hatuoni kazi za Zarina Bhimji wala Allan deSouza kwenye kuta zetu. Jibu likatoka mstari wa mbele, haraka: "Hao si ni Wahindi wa ng'ambo? Wana kwao." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ndiyo maana naandika haya.

Kwao wapi? DeSouza alizaliwa Nairobi 1958. Brendan Fernandes alizaliwa papa hapa Nairobi 1979. Wote wawili wana asili ya Goa. Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, 1963. Alikuwa bado mtoto Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke mwaka wa 1972, na miaka miwili baadaye akawa Uingereza. Wakionyesha kazi London, Toronto au San Francisco, huko wanahesabiwa wasanii wa huko. Wakitajwa Nairobi, mji waliozaliwa wawili kati yao, wanakuwa Wahindi tu.

Na sisi ndio tulitangaza 2017 kwamba Waasia ni kabila la 44 la Kenya. Tulipiga makofi, tukapiga picha. Kumbe ni kabila wakati wa kampeni, halafu ni wageni ukifika wakati wa sanaa?

Tazama Uingereza wanavyofanya. Mwaka wa 2024 Tuzo ya Turner ilikwenda kwa Jasleen Kaur, binti wa Kisikh aliyekulia Glasgow. Moja ya kazi zake ni gari jekundu la Ford lililofunikwa kitambaa kikubwa cha kufuma. Mwenzangu, unakijua kitambaa hicho. Kiko kwenye makochi ya shangazi yako, kimepigwa wanga mpaka kikasimama. Mwingereza hakuuliza kama Kaur ana kwao. Alimwita wake, akamfungulia jumba. Sisi wenye vitambaa bado tunacheka.

Wacha nitaje kazi tunazozikosa. DeSouza alichukua slaidi ambazo babake alipiga Kenya familia ilipokuwa bado hapa, akazichapisha, kisha akaziacha zikaishi naye nyumbani, zichubuke, zipauke, zishike vumbi na nywele. Akaziita The Lost Pictures. Ukizitazama unaona watu kwa shida, kama unavyomkumbuka marehemu wa zamani. Fernandes naye alivalisha vinyago vyeupe sanamu za kulungu wa plastiki, zile za kuwahadaa wanyama wakati wa kuwinda. Ni utani mchungu juu ya "Afrika" inayouzwa kwa watalii. Mtu wa Nairobi aliyepita kwenye vibanda vya vinyago angeuelewa kabla ya mtu wa Chicago. Bhimji alirudi Uganda akatengeneza filamu ya Out of Blue, iliyoonyeshwa Documenta 2002. Ni majengo matupu, kuta zilizochubuka, uwanja wa ndege. Sauti zinasikika, watu hawaonekani.

Hapo ndipo nina ugomvi wangu, na hauhusu mstari wa mbele peke yake.

Mama yangu alikuwa yaya Parklands kuanzia 1971 hadi 1983. Familia aliyoifanyia kazi iliondoka baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, maduka ya Wahindi yalipoporwa na wanawake wao kudhulumiwa mchana kweupe. Walimwachia mama sufuria mbili, blanketi na picha moja. Kwenye picha kuna mtoto wa kiume, miaka mitatu hivi, amevaa soksi nyeupe. Kuna mkono unaomshikilia begani. Mkono huo ni wa mama. Uso wake umekatwa na ukingo wa picha.

Kwa hivyo nikisoma maandishi ya wasomi wa ng'ambo kuhusu nyumba tupu za Wahindi wa Afrika Mashariki, ukiwa, kumbukumbu, hasara, huwa nauliza: nani alikuwa anapiga deki hiyo sakafu? Nyumba ile haikuwa na watu wa aina moja. Ilikuwa na memsaab, na ilikuwa na yaya, mpishi, na shamba boi aliyelala kwenye kibanda cha nyuma. Wasomi hao wanalia na mwenye nyumba, halafu wanafunga mlango kabla hawajafika jikoni. Siwalaumu wasanii kwa hilo. Ukuta mtupu wa Bhimji haujaandikwa jina la mtu, na mimi naweza kumweka mama hapo. Lakini ni nani atakayemweka, kama sisi hatumo ukumbini?

Najua majibu yenu. La kwanza, pesa hakuna. Kusafirisha sanamu na kulipa bima ni ghali, sawa. Lakini filamu inahitaji skrini, giza na viti. Picha zinaweza kuazimwa. Tusijifiche nyuma ya bajeti.

La pili lina uzito zaidi: Wahindi walitudharau, mshahara ulikuwa kidogo, watoto wetu hawakukaribishwa mezani. Ni kweli. Mama alikula kwa sahani yake ya bati miaka 12, na hakuna anayenidai nisahau. Lakini historia hiyo hiyo ina vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901, karibu 2,500 wakafa. Ina Makhan Singh aliyezuiliwa miaka 11 kwa sababu ya wafanyakazi, na Pio Gama Pinto aliyeuawa kwa risasi Nairobi 1965. Ina Joseph Murumbi, makamu wa rais wetu wa pili, baba Mgoa na mama Mmaasai, ambaye mkusanyo wake wa sanaa tunajivunia nao kwenye Nyaraka za Taifa. Sanaa ya Afrika tuliyohifadhiwa na mtoto wa Mgoa tunaiita yetu. Ya Mgoa mwenyewe, aa, hiyo ni ya kwao.

Ugomvi wa ndani hautatuliwi kwa kumwambia mwenzio hana nyumba. Mnakaa sebuleni, picha ziko mezani, mnaulizana huyu ni nani, na huyu aliyekatwa kichwa ni nani.

Juzi nilimwonyesha mama picha za deSouza kwenye simu. Akavaa miwani, akazitazama moja moja, pole pole. Nilidhani atasema hazionekani vizuri. Akaniuliza, "Huyu aliyezitengeneza ni mtoto wa nani?" Nikamwambia ni Mgoa, alizaliwa hapa. Akanyamaza kidogo. "Basi kuna mtu alimlea. Zileteni tuzione."

Nawaombeni ninyi wenye funguo za majumba ya sanaa na makumbusho: zileteni. Mama ana miaka 78, na ana maswali.