Nyota Inapokufa, Nani Atakayesoma Habari Zake?

Usiku wa Januari usio na mawingu, anayetazama juu akiwa Kibingo huiona Betelgeuse, nyota nyekundu yenye jina la asili ya Kiarabu. Nyota hiyo kubwa itakuja kufa kwa mlipuko.

Nyota yenye uzito unaolizidi jua mara nane au zaidi haifi kimya. Fueli inapokwisha, kiini chake huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, kisha wimbi la mshtuko hupanda hadi usoni. Uso huo huwaka kwa joto la malaki ya nyuzi na kutoa eksirei na miale ya urujuanimno. Miale hiyo ndiyo inayotueleza ukubwa wa nyota iliyokufa, lakini hufifia baada ya siku chache. Tabaka la ozoni, ambalo ni rehema kwa ngozi zetu, huizuia sehemu kubwa isifike ardhini. Ndiyo maana hutafutwa kwa setilaiti.

Jambo hili halipo mbali nasi. Mwaka 1970 setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka bahari ya Malindi ili kuchunguza eksirei. Swift, iliyorushwa mwaka 2004 ikiwa na darubini ya urujuanimno, ilitegemea kituo cha Waitalia cha Malindi kupokea habari zake. Tarehe 9 Januari 2008 Swift iliinasa nyota ikilipuka katika galaksi ya NGC 2770, tangu dakika zake za mwanzo.

Basi tujiulize: habari za mbinguni zinapoteremkia pwani yetu, ni wangapi kati ya watoto wetu wawezao kuzisoma? Wapo wazazi wanaodhani kuwa fizikia na hisabati ni elimu ya watu wengine. Dhana hiyo haina msingi. Nyota ilipolipuka mwaka 1006, tabibu Ali ibn Ridwan wa Misri aliandika mahali ilipoonekana na kadiri ya mwanga wake, na wanasayansi wa leo bado wanautumia ushahidi wake.

Tunawasihi wazazi: binti au kijana anayeweza masomo ya sayansi asiondolewe darasani kwa ajili ya mavuno ya kahawa. Kahawa huchumwa kila mwaka, bali umri wa kusoma ukipita haurudi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.